Barua Iliyorudi na Wino Mwekundu

Kehancha,
9 Februari 1996

Dada yangu Bathsheba,

Nisamehe kwa kimya kirefu. Ni miaka ishirini na miwili kasoro miezi minne, na sina udhuru hata mmoja ambao ningeukubali kutoka kwa mwanafunzi.

Anwani yako nimeipata kwa Ahmednur, mwenye duka la vitambaa pale Isebania. Alinieleza, bila kujua ananieleza nini, kwamba ana mteja wake Homa Bay, mama fundi cherehani, ambaye huagiza kitambaa cha sare za shule na ambaye akikasirishwa na bei hutukana kwa Kikuria. Nikamwuliza jina. Akalitaja lako. Nilikaa kwenye benchi la wateja mpaka akaniuliza kama naumwa.

Nilistaafu Desemba. Siku hizi nafundisha watu wazima kila Jumamosi katika chumba cha kanisa: Kiswahili cha kuandika barua, na Kiingereza kidogo cha kujazia fomu. Jumamosi iliyopita nilifundisha lile neno lao la kumiliki, "have", kwa mifano mitatu niliyoitumia tangu nilipotoka chuoni: nina ng'ombe, nina dada, nina homa. Niliuandika mfano wa kwanza. Nilipofika wa pili chaki ilisimama. Nikawaambia wanafunzi somo limekwisha.

Unakumbuka, bila shaka. Mwaka 1968 ulikuwa darasa la saba, dawati la pili kutoka dirishani. Ulinyoosha mkono mbele ya wenzako ukauliza, "Mwalimu, ng'ombe nikiwa naye naweza kumtoa nipate kitu kingine. Na dada je?" Darasa zima lilicheka. Nikakusimamisha pembeni mpaka kengele, kwa kosa la utundu. Mwaka uliofuata, baba yetu akiwa amekwisha kufa, nilipokea ng'ombe wa Bhoke Mirumbe kwa ajili yako, na kwa ng'ombe haohao nikamwoa mama Maroa.

Naandika kwa urefu mambo unayoyajua kwa sababu sijui watoto wako wanajua nini, na ningependa siku wakiyasoma wayakute sahihi. Bhoke ni mjane asiyejaliwa mtoto wa kiume. Desturi yetu humruhusu mama wa namna hiyo kutoa ng'ombe na kuoa msichana kwa ajili ya nyumba yake. Msichana huwa mkamwana wake, na kila mtoto atakayezaliwa, baba yake awe nani, ni wa nyumba hiyo. Ulikaa kwake miaka minne. Mwaka 1973 ulitoroka na Fanuel, seremala Mjaluo aliyekuja kuezeka madarasa yetu. Ng'ombe hawakurudishwa. Kwa hiyo, kwa desturi, watoto uliomzalia Fanuel ni wa nyumba ya Bhoke.

Bhoke hajainuka kitandani tangu Krismasi. Watu wa ukoo wa marehemu mumewe wameanza kulipima shamba lake kwa hatua, naye anawasikia wakihesabu nje ya dirisha. Anasema una mtoto wa kiume. Anataka aje aishike nyumba kabla hajafa.

Sikuamuru. Nakuarifu.

Ndugu yako,
Wangwe Machuki


Homa Bay,
3 Machi 1996

Mwalimu,

Nilitaka kuanza na "Kaka", mkono ukakataa.

Mimi naandika kama ninavyosema sokoni, kwa hiyo iweke kalamu yako nyekundu karibu kabisa, usije ukahangaika kuitafuta.

Umejaza kurasa mbili, hata benchi la Ahmednur limo, lakini ile barua hukuitaja. Basi nitaitaja mimi. Juni 1974 nilikuwa na mimba ya Ken. Nikakuandikia. Nikakwambia Fanuel si mwizi, ng'ombe wako tayari, wengine kanunua kwa jasho lake na wengine kapewa na baba yake. Tulikuuliza tuwalete wapi: kwako, uwapeleke kwa Bhoke ili niwe huru, au twende nao moja kwa moja kwa Bhoke. Nikauliza pia kama mama hajambo.

Wiki tatu baadaye bahasha ikaja. Fanuel aliikimbilia posta na kurudi nayo mbio, na misumari bado mdomoni. Ndani kulikuwa na barua yangu mwenyewe. Ulikuwa umeisahihisha. Makosa kumi na saba, kila moja na duara lake jekundu, na chini kabisa umeandika neno moja: "Rudia." Hata kuhusu mama hukunijibu.

Fanuel akaniuliza, "Shemeji amesema tuwalete wapi?" Nikamjibu. Sitakwambia nilimjibu nini.

Mama alipokufa mwaka 1981 nilisikia miezi mitatu baadaye, kwa muuza tumbaku. Sikuja kwa sababu niliamini nikivuka tu mto Kuja nitakamatwa kama ng'ombe aliyepotea.

Sasa jua hali yangu. Fanuel alikufa mwaka 1992. Siku ya maziko, kaka yake mkubwa alisimama mbele ya watu akasema, "Ng'ombe wetu hawakuvuka kwenda popote. Huyu mama ni mgeni aliyekaa sana." Watu walicheka, msibani! Mama mkwe wangu ndiye aliyewanyamazisha. Akasema nafasi iliyo kando ya kaburi la Fanuel ni yangu. Kasema peke yake, naye ni mzee. Ken ana miaka ishirini na moja na hajaonyeshwa mahali pa kujenga simba yake, ile nyumba ambayo kila kijana wa huku hujenga nyumbani kwa baba yake. Wanamwambia kaulize kwa wajomba zako. Liz yuko kidato cha nne, bwenini huko Asumbi, na kila akifunga shule hukuta shemeji zangu wamesogeza ua hatua moja.

Huku hatuna mahali kwa sababu ng'ombe hawakuja kwako. Kwako tunadaiwa kwa sababu hawakurudi kwa Bhoke. Na ng'ombe walikuwepo, Mwalimu. Walikuwepo.

Watoto hawajui habari za Bhoke. Wanajua mama yao alikuwa msichana wa shule aliyempenda seremala. Waache wajue hivyo. Usimtume mtu.

Bathsheba


Kehancha,
29 Machi 1996

Bathsheba,

Barua yako ilifika Jumanne. Sikushika kalamu yoyote.

Ni kweli niliirudisha ile ya mwaka 1974. Naomba uelewe kwamba wiki ile nilikuwa nasahihisha mitihani ya majaribio, madaftari zaidi ya mia, na mkono ulikuwa umezoea. Sentensi yako ya ng'ombe ilikuwa imevurugika. Sikuipata maana yake. Laiti ningeipata.

Nimefanya linalowezekana. Maroa, mwanangu, ana ng'ombe niliomwekea kwa ajili ya kuoa. Amekubali, kwa shingo upande, wapelekwe kwa Bhoke badala ya wale wa zamani. Jumamosi tulikwenda kwake, mimi na mzee mmoja wa ukoo kama shahidi. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, kwa kuwa alinitaka nisipunguze.

Bhoke alikuwa amelala, redio yake iliyokufa iko juu ya mto wa kulalia, karibu na sikio. Akasema, "Umeniletea ng'ombe, Mwalimu? Wa kunifanyia nini? Wa kunizalia?"

"Ni haki yako, mama."

"Haki yangu ilikuwa ya miaka ile. Imekuwaje ukaikumbuka leo?"

Hajui kusoma. Shahidi alishikilia kwamba asomewe barua yako yote, nami nikaisoma kwa sauti. Nilipofika pale penye Fanuel na ng'ombe wake, aliinua mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Yule Mjaluo alikuwa nao tayari?"

"Ndivyo anavyosema."

"Ningewapokea kesho yake," akasema. "Ningeoa msichana mwingine, nilikuwa bado na nguvu. Leo ningekuwa na wajukuu wa kunifukuzia kunguru mahindini. Na wewe, kila msimu wa kupalilia tumbaku ulipita hapa, ukanywa uji wangu, ukajifuta mdomo, ukaniambia, 'Ngoja, mama, atarudi.'"

Yule shahidi, ambaye watoto wake wote sita niliwafundisha mimi, alikohoa akasema, "Basi leo Mwalimu amefeli."

Ng'ombe amewakataa. Alisema, "Warudishe, mwanao aoe. Mimi nataka mtu, sitaki kwato."

Nimeona ni wajibu wangu kukueleza.

Wangwe Machuki


Homa Bay,
14 Aprili 1996

Mjomba,

Hunijui. Mimi ni Ken wa Bathsheba. Kiswahili changu ni cha karakana ya redio, kwa hiyo vumilia.

Mama huficha barua zake kwenye droo ya cherehani, chini ya bobini. Fundi wa hiyo cherehani ni mimi. Hapo umeshaelewa.

Nimezisoma zako zote mbili, na pia ile yenye maduara. Mjomba, hiyo ni noma. Umesema hukuipata maana ya sentensi ya ng'ombe. Ninayo hapa mkononi. Mama aliandika: "Fanuel iko na ngombe tayari tulete kwako ama kwa Bhoke." Umezungushia "iko", juu yake umeandika "ana". Halafu umezungushia "ngombe" ukamwekea ile alama yake ndogo ya juu. Mtu hawezi kumwekea ng'ombe alama kama hajamwona.

Sikuandikii kwa matusi. Mama alinilea vizuri. Nakuandikia kwa sababu nimechoka. Baba zangu wadogo wananiita mtoto wa ng'ombe ambao hawakutembea. Huyo bibi wa huko anasema mimi ni wake na hajaniona hata picha. Wewe umeandika mimi ni wa desturi. Karakana, redio ikiletwa na mtu akapotea, tunaifungia kikaratasi: MWENYEWE HAJULIKANI. Ikikaa miezi sita tunauza vipuri. Mimi nina miaka ishirini na moja, Mjomba, hebu fikiria vipuri vyangu viko wapi.

Nakuja kujionea. Mama nitamwambia naenda Migori kununua waya na betri, na si uongo mtupu, nitanunua. Usimwandikie mpaka niwe nimeondoka. Akijua atanifungia ndani, na anaweza, ana mkono mzito kwa miaka ya pasi ya makaa.

Mpwa wako,
Ken


Kehancha,
6 Mei 1996

Dada yangu,

Ken amekaa hapa siku tisa. Amepanda gari leo asubuhi, na atakuwa amefika kabla ya barua hii. Usimgombeze. Nilipaswa kukuarifu siku ya kwanza. Nilinyamaza kwa sababu aliniomba, na kwa sababu nilitaka kumtazama. Anatembea kama baba yetu, mguu wa kushoto ukitangulia kufikiri.

Hakwenda kwa Bhoke kama mjukuu. Alipiga hodi akasema ni fundi.

"Nani amekuita?" Bhoke akauliza.

"Redio yako. Nimesikia imenyamaza."

Akaifungua palepale sakafuni, akaitengeneza, akalipwa ndizi. Siku ya pili alirudi kuziba paa juu ya kitanda. Siku ya tatu Bhoke alimwita karibu, akamshika kidevu, akasema, "Kijana, wewe ni wa nani?" Ken akamjibu, "Nilidhani ni wewe utakayeniambia." Bhoke alicheka mpaka kikohozi kikamshika, tukaogopa.

Siku ya nne alimtuma nyuma ya ghala atazame kama nyasi zimefunika jiwe. Ken akarudi akaniuliza jiwe la nini. Ilinibidi nimweleze kwamba alikuwa na ndugu mkubwa aliyeishi duniani miezi minne, katika nyumba ile, mwaka 1972. Sikujua kama ningesema au la. Bhoke alilipalilia kaburi hilo miaka yote mpaka mwili ulipomwangusha. Ken alichukua jembe akalipalilia.

Juzi Bhoke aliwaita wazee wa ukoo. Alisema mbele yao kwamba hamdai Ken wala Liz. "Akija, amekuja. Asipokuja, sikumnunua." Wazee hawakupendezwa, lakini walisikia. Kisha akasema ana ombi moja, nalo ni kwako. Anataka uje, naye akiisha kufa uwe wewe wa kutupa udongo wa kwanza, kama mkamwana wake. Hakuna mwingine katika nyumba hiyo.

Sasa nimefika mahali nilipopazunguka.

Usiku wa mwisho Ken aliweka barua yako ya mwaka 1974 mezani kwangu, akaenda kulala. Imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mpaka inakatika. Niliisoma. Nilikuandikia mwezi Machi kwamba sikuipata maana ya sentensi ya ng'ombe. Huo ni uongo, nami niliuandika nikiwa na miaka hamsini na sita, mzee wa kanisa. Nilielewa kila neno mara ya kwanza.

Mwezi ule nilikuwa nimetajwa kuwa mwalimu mkuu. Kumpokea Fanuel na ng'ombe wake barabarani, mchana, watu wakitazama, kungekuwa kukiri kwamba nilikuweka mahali ambapo hukupataka, nikaoa kwa ajili hiyo. Ningeulizwa barazani. Ningeulizwa kanisani. Niliyatafuta makosa ili nisilazimike kuijibu barua. Nilipofika la kumi na saba nilifurahi kwamba ni mengi. Kisha kwa miaka ishirini nikamwambia Bhoke utarudi, kwa sababu lingine la kumwambia lilikuwa kweli.

Nimefundisha kizazi kizima kwamba Waingereza hulitumia neno lilelile kwa ng'ombe, kwa dada na kwa homa, na kwamba sisi husema kuwa na. Sikuwahi kusimama nikawaza tunasema nini. Ng'ombe wako nilikuwa nao. Wewe sikuwa nawe hata siku moja, wala ulipokuwa darasani kwangu, dawati la pili.

Mama alikuulizia mpaka mwisho. Nilimwambia hujambo. Sikujua kama ni kweli.

Siombi unijibu kwa upole.

Ndugu yako,
Wangwe


Kehancha,
24 Mei 1996

Bathsheba,

Bhoke amekataa uji siku ya tatu leo. Redio ameomba iwashwe mchana kutwa. Amenituma niulize neno moja: utakuja? Naituma barua hii kwa mkono wa dereva wa Ahmednur, anayeleta kitambaa chako. Tafadhali mpe jibu arudi nalo.

Wangwe


Homa Bay,
25 Mei 1996

Kaka,

Dereva yuko nje, anakula maandazi yangu na kuniangalia kama mtu anayehesabu mafuta ya gari. Kwa hiyo nitaandika upesi, na makosa utayavumilia.

Ile barua yako ndefu niliisoma mara mbili. Liz alikuwa nyumbani kwa likizo. Akachukua kalamu nyekundu ya kusahihishia madaftari ya wadogo zake wa kanisani, akaniambia, "Mama, nikuwekee maduara?" Nilicheka kwanza. Halafu nikamwambia airudishe kwenye mkebe.

Watoto sasa wanajua yote. Ken alipofika nilimpiga kofi, kisha nikampikia. Ameniambia habari za jiwe. Nilikuwa nimejizuia kulifikiria hilo jiwe kwa miaka ishirini na mitatu. Nilijua kila mahali nyasi zinakua haraka. Sikujua kuna mtu anazing'oa.

Wewe umesema lako, nami niseme langu. Uliniuliza? Hukuniuliza. Lakini nitasema. Siku ile Fanuel aliponiuliza umesema ng'ombe tuwalete wapi, nilimjibu, "Kaka amesema tungoje." Niliona aibu kumwonyesha maduara. Sikutaka ajue dada wa mwalimu ni mtu wa kurudishiwa karatasi. Akangoja. Ng'ombe wakaenda mmoja mmoja, ugonjwa, karo, maziko ya baba yake, naye kila mara aliniambia, "Shemeji yangu ni mtu wa taratibu, atatuita." Alikufa akikusifu. Ningeiandika tena barua ile siku ya pili, ningempelekea Bhoke kwa mkono wa mtu mwingine, ningetembea hata kwa miguu. Sikufanya. Hilo si lako, ni langu, na hakuna wa kunisaidia kulibeba.

Na Bhoke hakunipiga hata siku moja. Hilo pia sikuwaambia watoto, maana hadithi ya kutoroka hutaka mtu mbaya. Mtoto alipougua alinipa blanketi lake jipya, lile la mistari, akalala na gunia. Nilipotoroka nililibeba. Liz amelilalia mpaka alipokwenda bweni. Lipo hapa, limekwisha katikati.

Sasa sikiliza yaliyotokea Jumapili. Shemeji zangu walikuja wote watatu, na kamba na vigingi, wakampimia Ken mahali pa kujenga simba. Pazuri, karibu na mti wa baba yake. Wamesikia Wakuria wanamtaka! Shemeji mkubwa anasema, "Huyu ni damu yetu, nani wa kumchukua?" Miaka minne alikuwa si wao. Ken aliwaangalia tu, akaniambia pembeni, "Mama, kikaratasi kilikuwa hakina jina, leo wateja wamepanga foleni." Vigingi viko pale, hajavigusa. Anasema yeye ataamua baada yangu.

Na mimi ndiye nimefungwa. Yule shemeji alipokuwa anakunja kamba alinigeukia akaniita kwa jina la huku, la binti wa Wakuria, akasema, tena kwa adabu, "Nyamaroa, nasikia unaitwa huko kuzika. Nenda kama mgeni, hakuna neno. Lakini mwanamke hatupi udongo wa kwanza kwenye nyumba mbili. Ukiutupa ule, umesema wewe ni wa kule." Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni. Safari hii hakumnyamazisha. Alitazama chini.

Ndiyo hiyo, kaka. Nikija nikautupa, Bhoke atakuwa amepata mtu, na nafasi yangu kando ya Fanuel imekwenda. Nikija nikasimama nyuma kama mgeni, atazikwa na hao wanaopima shamba kwa hatua, wakati mimi nina blanketi lake. Nisipokuja, basi jiwe lile amelipalilia bure.

Nilipokuwa na miaka kumi na sita hakuna aliyeniuliza. Niliapa kwamba siku nikiulizwa nitajibu kabla mtu hajamaliza kusema. Leo mmeniuliza nyote, hata Bhoke aliyetoa ng'ombe ameniuliza, na nimekaa hapa na kalamu tangu asubuhi.

Mwambie Bhoke nimesikia. Mwambie blanketi sikulitupa. Usimwambie ngoja, tafadhali. Neno hilo ulimpa sana, nami nilimpa Fanuel. Mwambie tu kwamba ninafikiri, na kwamba ninamfikiria yeye, si ng'ombe wake.

Dereva anapiga honi. Sitaki kuamua kwa honi. Nikiisha kuamua nitakuandikia, na kama uamuzi utakuwa ni kuja, huenda barua nikaileta mwenyewe. Kama utakuwa ni lile lingine, utaiona bahasha peke yake. Vyovyote vile, isome mpaka mwisho.

Dada yako,
Bathsheba